Kazi ya Msimu Mmoja katika Shamba la Mboga: Habari za Kitui na Makueni

Mtu asafiriye kwa barabara itokayo Kibwezi, ikauvuka Mto Athi na kupita Mutomo hata kufika mji wa Kitui, akiwa safarini mwezi wa Septemba, huona nchi iliyokauka. Migunga imepukutika majani, nyasi zimekwisha, na mito mingi apitayo si mito ya maji bali ni njia za mchanga. Akiambiwa kwamba katika nchi hiyo hiyo, mwezi huo huo, wako watu wanaochuma sukuma wiki, mchicha na nyanya za mashamba yao wenyewe, huenda asisadiki. Lakini habari hiyo ni kweli. Mashamba hayo yako, tena mengi ni madogo, nusu eka au robo eka tu, nayo hayaonekani barabarani kwa sababu yako bondeni, kandokando ya mito ya mchanga.

Wako vijana waliomaliza shule, na hata watu wazima waliochoshwa na maisha ya mjini, ambao huenda katika shamba la namna hiyo wakafanya kazi msimu mzima. Hawaendi kwa ajili ya ujira peke yake, bali kwa ajili ya kujifunza. Mtu wa namna hiyo akiuliza atajifunza nini, jibu ni fupi. Atajifunza kwamba katika Ukambani kazi kubwa ya mboga hufanywa kabla ya mvua, na kwamba hakuna mtu awezaye kuifanya peke yake. Mambo hayo mawili yakieleweka, mengine yote hufuata.

KILIMO HAI NI NINI

Mashamba yanayosemwa hapa ni ya kilimo hai, yaani kilimo kisichotumia mbolea za chumvichumvi wala dawa za sumu za viwandani. Wengine hufikiri kwamba maana yake ni kuliacha shamba lijilimie lenyewe, au kulima kama babu zetu bila ya kubadili lolote. Hilo ni kosa. Mkulima asiyenunua mbolea hana budi kuitengeneza, na asiyenunua dawa hana budi kulitazama shamba lake kila siku. Kazi haipungui, bali huongezeka. Kinachopungua ni deni la dukani.

Elimu hii ina historia. Mwingereza mmoja, Albert Howard, alifanya kazi Indore katika Bara Hindi tangu mwaka 1924 hata 1931, akapanga njia ya kugeuza takataka za shamba na samadi ziwe mboji. Kitabu chake kilichotoka mwaka 1940 kilisomwa na watu wengi duniani, na mwenyewe hakuficha kwamba alijifunza mengi kwa kuwaangalia wakulima wa huko. Katika Kenya, mwaka 1986, ilianzishwa taasisi ya kufundisha kilimo hai, ijulikanayo kwa herufi KIOF. Mwaka 2007 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana juu ya kanuni moja ya mazao ya namna hii, na alama yake ikaitwa Kilimohai. Basi mkulima wa Kitui au Makueni anayefuata njia hii hafuati mchezo wa watu wachache. Afuata kanuni iliyoandikwa.

MVUA MBILI NA NJAA NYINGI

Ukambani una mvua mbili kwa mwaka. Ya kwanza ni ya Oktoba hadi Desemba, iitwayo kwa Kikamba mvua ya nthwa. Ya pili ni ya Machi hadi Mei, iitwayo uua. Katika sehemu nyingi za Kenya mvua ya Machi ndiyo kuu, lakini katika Kitui na Makueni wakulima huitegemea zaidi ile ya nthwa, maana ndiyo isiyokosa mara nyingi. Vilima kama Mbooni na Kilungu hupata milimita 1,000 kwa mwaka au zaidi, bali nchi za chini hupata 500 hivi, na mara nyingine hazipati hata hizo. Tena mvua ya nchi za chini haigawanyiki sawasawa. Huweza kunyesha siku tatu kwa nguvu, ikabeba udongo na mbegu, kisha ikatoweka majuma matatu.

Wazee wa Ukambani hawahesabu njaa kwa miaka tu, bali huzipa majina. Njaa ya mwaka 1898 na 1899 yaitwa Ngomanisye. Ile ya mwaka 1961 yaitwa njaa ya ndeke, kwa sababu chakula kililetwa kwa ndege. Na hata waliozaliwa juzi wana njaa yao ya kukumbuka, kwani tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mwisho wa mwaka 2022 misimu mitano mfululizo ilikosa mvua ya kutosha. Kisha katika mvua za Machi hadi Mei mwaka 2024, Kenya ikapigwa na mafuriko. Ukame na gharika ni adui wawili, lakini silaha ya kupigana nao ni moja: kuyashika maji pale yaangukapo, na kuushika udongo usiende nayo.

KAZI KABLA YA MVUA

Kijana aingiaye shambani mwezi wa Julai au Agosti, akitumaini kwamba siku ya kwanza atapanda, hupewa koleo na sururu. Kazi ya kwanza ni mboji. Katika nchi za mvua nyingi mboji hulundikwa juu ya ardhi kama biwi, lakini katika nchi kavu huchimbiwa shimo ili unyevu usipotee upesi. Chini huwekwa mabua makavu yaliyokatwakatwa, juu yake majani mabichi, kisha samadi ya mbuzi au ng'ombe, halafu majivu kidogo na udongo wa juu, ndipo huanzwa tena kwa mabua. Kila tabaka hunyunyiziwa maji. Fimbo ndefu huchomekwa katikati. Baada ya siku chache fimbo ikichomolewa huwa ya moto, na hiyo ni dalili kwamba mboji inafanya kazi. Ikiwa fimbo ni baridi na kavu, maji hayatoshi. Kila baada ya majuma matatu hivi mboji hugeuzwa, na baada ya miezi mitatu huwa nyeusi, laini, yenye harufu ya msitu baada ya mvua. Mtu asiyeanza Julai hawi na mboji Oktoba, wala hakuna njia ya mkato. Samadi mbichi ikitiwa shambani huunguza miche na kuleta magugu.

Kazi ya pili ni makinga-maji. Hapa jina lenyewe ni la Kiswahili, nalo limekwenda mbali hata likaandikwa katika vitabu vya wageni bila ya kutafsiriwa: fanya juu. Mtaro wa futi 2 kwa upana na futi 2 kwa kina huchimbwa kukata mteremko, na udongo wake hutupwa upande wa juu ukawa tuta. Juu ya tuta hupandwa majani ya kulisha mifugo, yakaushika udongo kwa mizizi. Mvua inaponyesha, udongo uteremkao hukwama nyuma ya tuta, na mwaka hata mwaka shamba hujigeuza kuwa ngazi. Ili mtaro uwe sawa hutumika miti mitatu iliyofungwa mfano wa herufi A, yenye uzi na jiwe katikati. Ni chombo cha bure, na mtoto wa shule aweza kukitengeneza. Mtaro uliopindika kidogo tu hukusanya maji pahali pamoja, tuta likapasuka, na kazi ya majuma mawili ikaharibika kwa usiku mmoja.

Kazi ya tatu ni kitalu. Miche ya sukuma wiki, nyanya na vitunguu huatikwa mwisho wa Septemba, ili iwe tayari mvua itakaposhika mwezi wa Novemba. Katika majuma hayo kitalu hutiliwa maji kwa kopo asubuhi na jioni, tena hufunikwa kwa kivuli cha nyasi. Mwanafunzi wa shamba aliyesahau jioni moja tu mwezi wa Oktoba hukuta asubuhi miche imelala.

KULAZIMISHWA NA KUSAIDIANA

Yafaa kukumbuka kwamba makinga-maji hayakupendwa siku zote. Makueni ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Machakos hata mwaka 1992, na habari za Machakos ni habari zake pia. Katika miaka ya 1930 wataalamu wa serikali ya kikoloni waliandika kwamba nchi hiyo inaharibika kwa mmomonyoko wa udongo. Serikali ikaamua kuwapunguza ng'ombe kwa nguvu. Mwaka 1938 umati mkubwa wa Wakamba ulikwenda Nairobi kuomba ng'ombe wao warudishwe, na kiongozi wao Muindi Mbingu akakamatwa, akapelekwa Lamu. Lakini serikali ilirudi nyuma katika jambo la ng'ombe. Baadaye watu walitolewa kwa amri kuchimba matuta membamba, wengi wao wasijue faida yake. Walichimba, lakini hawakuyatunza.

Katika miaka ya 1950 mambo yalianza kubadilika, na kilichoyabadilisha ni desturi ya zamani ya Wakamba iitwayo mwethya. Mwethya ni kundi la majirani wanaokwenda kufanya kazi leo kwa huyu, kesho kwa yule, na mwenye shamba huwapikia. Kundi lilichagua viongozi wake lenyewe, likaamua lenyewe shamba la nani litangulie. Matuta yaliyochimbwa kwa mwethya yalikuwa mapana zaidi, tena yalitunzwa, kwa sababu mchimbaji alijua kwamba zamu yake itafika. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 kazi ililegea kidogo, kisha ikarudi kwa nguvu, na wanawake ndio waliokuwa wengi katika makundi hayo.

Matokeo yake yameandikwa. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu juu ya Machakos, wakaonyesha kwamba tangu miaka ya 1930 hata mwaka 1990 watu wa wilaya hiyo walizidi zaidi ya mara tano, na hata hivyo mmomonyoko ulipungua badala ya kuzidi. Wataalamu wa zamani walidhani kwamba watu wakizidi, ardhi itakufa. Watu walizidi, ardhi ikapona, kwa maana mikono iliyozidi ilishika koleo.

Hilo ndilo fundisho ambalo mwenye shamba la mboga wa leo hapaswi kulisahau. Udongo ni ule ule na jembe ni lile lile. Lakini mtu aliyelazimishwa huchimba mtaro wa kumridhisha msimamizi, na mtu aliyeshirikishwa huchimba mtaro wa kushika maji.

MAJI NDANI YA MCHANGA

Mboga hazingojei mvua kama mbaazi na mtama. Tufanye hesabu. Kitalu cha mita 1 kwa mita 10, jua la Ukambani likiwaka, huhitaji maji ya lita 50 hivi kwa siku. Shamba la vitalu kumi huhitaji lita 500, yaani mitungi 25 ya lita 20. Punda mmoja huchukua mitungi minne, basi ni safari sita au saba kila siku. Ikiwa maji yako umbali wa saa moja, siku nzima imekwisha kwa kuteka maji tu, na magugu yanangoja. Ndiyo maana swali la kwanza la mtu atakaye kulima mboga si mbegu gani, bali maji yako wapi.

Visima virefu vimechimbwa, lakini katika sehemu nyingi za Kitui maji yake yana chumvi, na maharagwe na vitunguu havipendi chumvi. Jibu lililopatikana katika nchi hii ni bwawa la mchanga. Ukuta wa mawe na saruji hujengwa kukata mto wa msimu, pale mwamba ulipo karibu. Mafuriko yajapo, mchanga mzito hukwama nyuma ya ukuta na matope mepesi hupita juu. Baada ya msimu mmoja au kadhaa, bwawa limejaa mchanga, na katikati ya chembe za mchanga huo yamo maji, kiasi cha robo hata theluthi ya ujazo wote. Jua haliyafikii yaliyo chini, ng'ombe hawayachafui, wala mbu hawazai humo. Maji hayo hupenya pia katika kingo za mto, na mboga zikapata unyevu.

Mabwawa ya kwanza ya namna hii katika Ukambani yalijengwa miaka ya 1950. Katika Kitui, shirika la SASOL lililoanzishwa mwaka 1990 limejenga mamia ya mabwawa pamoja na wananchi. Upande wa Machakos na Makueni, kikundi cha Utooni kilichoanzishwa mwaka 1978 na Joshua Mukusya kilianza kwa majirani wachache waliochoka kubeba maji, kikakua kikawa shirika. Katika kazi hizo zote wananchi hutoa mawe, mchanga, maji na mikono yao, na shirika huleta saruji, vyuma na fundi. Ni mwethya ule ule wa wazee, ila safari hii umetiwa saruji.

Lakini mchanga una adui. Malori huja kuuchota kwa ajili ya majumba ya mjini, na mto uliochotwa mchanga hauna ghala la maji tena. Ugomvi juu ya mchanga umeleta mapigano, na watu wameuawa. Mwaka 2015 Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga na kuratibu uchotaji wake. Sheria ni jambo jema, lakini lori huja usiku, na karani wa kaunti halali mtoni. Waangalizi wa kweli ni wale wenye vitalu kando ya mto. Kijana mwenye miche 500 ya sukuma wiki inayokunywa katika mchanga huo hahitaji kuelezwa kwa nini lori lisiruhusiwe.

MVUA INAPOSHIKA

Mvua ya nthwa ikishika, shamba lote huamka. Miche hupandikizwa jioni, jua likiwa limepungua, katika vitalu vilivyochimbwa chini kidogo ya usawa wa ardhi ili maji yasikimbie. Katika nchi za maji mengi vitalu huinuliwa, bali hapa hushushwa. Mgeni aliyesoma kilimo katika kitabu cha nchi nyingine hushangaa, kisha huelewa siku ya kwanza ya mvua kubwa.

Baada ya kupanda hutandazwa majani makavu juu ya udongo ili unyevu usitoke. Hapo huja taabu ya Ukambani ambayo vitabu vingi havina habari nayo, yaani mchwa. Mchwa huyala matandazo, na yakiisha hugeukia mashina ya miche. Wakulima hutia majivu kuzunguka mashina, huchanganya majani ya mwarobaini, na hungoja udongo ulowe sawasawa kabla ya kutandaza.

Wadudu wengine hupiganwa kwa macho zaidi kuliko kwa dawa. Vidukari hukaa chini ya jani, basi mwanafunzi hufundishwa kuligeuza jani kila apitapo. Maji ya mbegu za mwarobaini zilizotwangwa husaidia, lakini hunyunyizwa jioni, kwa kuwa jua huiharibu nguvu yake. Nyanya hazipandwi pahali palipokuwa na nyanya, biringanya, viazi au pilipili msimu uliopita, maana ni ndugu wa ukoo mmoja, na ugonjwa wa mmoja humngojea mwingine ndani ya udongo. Wala haifai kusema uongo kwamba njia hizi hushinda kila kitu. Nondo wa nyanya aitwaye Tuta absoluta, aliyetoka Amerika ya Kusini na kuonekana Kenya mwaka 2014, ameangusha mashamba ya watu wenye dawa na wasio na dawa. Mwenye shamba la kilimo hai humtega kwa taa juu ya beseni la maji usiku, huchuma na kuzika majani yaliyoliwa, na asiweke mali yake yote katika nyanya. Akiwa na mchicha, kunde, sukuma wiki na vitunguu, nyanya zikifa hafi pamoja nazo.

Mchicha na majani ya kunde huchumwa baada ya majuma matatu au manne. Sukuma wiki huanza kuchumwa baada ya miezi miwili hivi, majani ya chini kwanza, na ukitunzwa huendelea miezi mingi.

MKONO WA WENZAKE

Sasa tuseme juu ya watu. Shamba dogo huweza kuwa na maji na mboji, na bado likashindwa kwa sababu wafanya kazi wake huondoka kabla ya mavuno. Kijana wa shule hufika na mikono laini. Siku ya tatu mikono ina malengelenge, mgongo unauma, na akili inamwambia arudi nyumbani. Akiachwa peke yake, akacheka mtu, hurudi kweli. Akiwa na mwenzake wa kushika mpini mwingine, na mzee wa kumwonyesha jinsi ya kulishika jembe lisimchubue, hukaa. Ndivyo mwethya ulivyofanya kazi. Mwepesi na mzito walichimba mstari mmoja, na aliyemaliza mapema alirudi kumsaidia aliyebaki.

Mashamba mazuri yana desturi chache ambazo hazina gharama kubwa. Kazi huanza alfajiri na kukatizwa saa tano, jua likiwa kali, kisha huanza tena alasiri. Wote hula chungu kimoja, muthokoi au mahindi na maharagwe, na mwenye shamba hula pamoja nao. Asubuhi kazi ya siku hugawanywa mbele ya wote, na kila juma mwanafunzi hubadilishwa kazi, ili asiwe mteka maji msimu mzima. Mgonjwa huulizwa hali. Swali halichekwi. Na mwanafunzi hupewa kitalu kimoja cha kwake mwenyewe, apande atakacho na mavuno yawe yake, maana mtu hujifunza zaidi katika kitalu ambacho hasara yake ataihisi.

Hata hivyo, wema usiwe kisingizio. Wako wenye mashamba wanaowaita vijana waje kujifunza, wakawatumikisha bila ya ujira wala mafunzo. Lililo halali ni kukubaliana kabla ya jembe kuinuliwa: siku ngapi, saa ngapi, ujira kiasi gani, chakula na malazi ni vya nani. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yasema kwamba mkataba wa kazi wa miezi mitatu au zaidi lazima uandikwe, na mfanyakazi asiyejua kusoma lazima aelezwe yaliyomo. Msimu wa mboga, tangu mboji hata mavuno, hupita miezi mitatu. Basi na uandikwe, hata kama ni kwenye karatasi moja ya daftari.

Jambo hili la kufanya kazi kwa msimu ili kujifunza halipo Ukambani peke yake. Mwaka 1971 mwanamke mmoja wa London, Sue Coppard, aliyekuwa akifanya kazi ya katibu ofisini, aliwapeleka watu wachache wa mjini kufanya kazi mwisho wa juma katika shamba la kilimo hai huko Sussex. Walipewa chakula na pahali pa kulala, wakatoa kazi. Jambo hilo dogo limekua likaenea katika nchi nyingi za dunia, likijulikana kwa herufi WWOOF. Waingereza waliona ni jambo jipya. Mkamba aliyekwenda katika mwethya angesema kwamba analijua tangu utoto, ila kwake lilikuwa deni la majirani, si matembezi.

SOKO NA DAFTARI

Mwezi wa Desemba mboga hujaa kila pahali. Kila mwenye mvua ana kunde na mchicha, na bei katika masoko ya Wote, Kibwezi na Kalundu mjini Kitui huanguka. Mkulima aliyelima kwa mvua peke yake huuza wakati huo, na wanunuzi wa jumla humpangia bei. Faida ya kweli iko Januari hadi Machi, na tena Julai hadi Oktoba, wakati wa ukavu. Aliyetunza maji ndani ya mchanga, akapanda kwa zamu, kitalu baada ya kitalu kila majuma mawili, huwa na mboga siku ambayo wengine hawana.

Hapa makarani wana faida ya kuwapa wakulima. Mashamba mengi madogo hayajui kama yanapata au yanapoteza, kwa kuwa hakuna kilichoandikwa. Daftari moja latosha: tarehe ya kupanda, mbegu zilizonunuliwa, siku za kazi, mafungu yaliyouzwa na bei yake, na mboga zilizoliwa nyumbani. Zile zilizoliwa nyumbani zisisahauliwe, maana ni pesa ambazo hazikutoka mfukoni. Daftari hilo hilo ndilo linalotakiwa na wale wanaotaka kutumia alama ya Kilimohai, kwani kikundi cha wakulima huweza kukaguana wenyewe kwa wenyewe kwa kanuni zilizowekwa, na bila ya maandishi hakuna ukaguzi. Likisomwa mbele ya wafanya kazi wote mwisho wa mwezi, huondoa manung'uniko mengi. Kijana aliyeona kwa macho yake kwamba nyanya zimeleta hasara na vitunguu vimeleta faida amejifunza jambo ambalo hatalisahau atakapolima kwake.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hiyo hutumiwa sana kumsuta mgeni mvivu, lakini ina maana nyingine iliyo njema. Anayepewa jembe si mgeni tena. Amehesabiwa kuwa mtu wa nyumbani. Wenye mashamba ya mboga Kitui na Makueni watafanya vema wakiwapa vijana jembe kwa maana hiyo, pamoja na kitalu, chakula na maneno mazuri. Na kijana atakaye kujaribu asingoje mawingu ya Oktoba. Aende Julai, wakati ardhi ni ngumu na mto ni mchanga mtupu, aulize shimo la mboji liko wapi.